Nyumba Juu ya Lori

Harufu ya vanishi ikinifika puani, mimi huacha ninachofanya. Juzi nilikwenda kwa fundi kuchukua kabati la vyombo, nikamkuta analipaka mkono wa mwisho. Kabla hata sijamsalimu nilikuwa nimeshafika mbali: nina miaka tisa, nimekaa juu ya tofali nje ya karakana ya Baba, na mbele yangu kuna lori lenye nyumba mgongoni. Fundi alipoona nimenyamaza akadhani sijaridhika, akaanza kujitetea kwamba mbao za siku hizi hazikauki vizuri. Nikamwambia kabati ni zuri, ila pua yangu ina mambo yake. Akacheka kwa adabu, cheko la mtu anayeomba mteja aondoke.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka tulivyolelewa. Kwetu Bariadi hakuna mkubwa aliyekaa chini kumweleza mtoto nini kinaendelea nyumbani. Mtoto alitazama, akajumlisha mwenyewe. Ukiona jogoo anakimbizwa asubuhi, kuna mgeni. Ukiona Baba kavaa viatu vya kamba siku isiyo Jumapili, kuna kesi mahali. Tulisoma dalili kama wazee wanavyosoma mawingu, na kama wao, siku nyingine tulitangaza mvua likawaka jua. Hesabu niliyoipiga mimi mwaka wa ile nyumba ya lori ilikuwa safi kabisa. Jibu tu ndilo lilikuwa baya.

Nyumbani tulikuwa sita. Baba, Masanja, alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa pembeni mwa barabara iendayo Lamadi. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walitangulia kuzaliwa mapacha, Kulwa na Doto, nikafuata mimi, na kwa kuwa kwetu anayefuata mapacha jina lake humsubiri tumboni, nikaitwa Shija bila mjadala. Wa sita alikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyekaa katika nyumba yake ndogo upande wa zizi. Bibi alikuwa mfupi, mwepesi wa mikono, mkavu wa maneno, na mimi nililala kwake siku nyingi kuliko nilivyolala kwetu. Nilimpenda kuliko watu wote. Wakati ule nisingesema hivyo mbele ya Mama, leo nasema.

Mambo yalianza na wazee wawili wa Kizungu, mtu na mkewe, waliosimamisha gari lao mbele ya karakana kwa sababu mlango wa kabati ulikuwa umeng'oka bawaba. Kabati lenyewe lilikuwa ndani ya gari. Baba alipanda humo na kisanduku chake cha vifaa, akakaa muda ambao hauhitajiki kwa bawaba mbili, na aliposhuka hakuwa yule aliyepanda. Alituambia mle ndani mna kitanda kinachokunjwa kikawa meza, mna bomba la maji, mna jiko, mna dirisha lenye pazia. Nyumba kamili, akasema, na inakwenda unakotaka. Wale wazee walimwonyesha picha ya mahali walikotoka kulala siku mbili, huko hifadhini Serengeti: miamba mirefu ya rangi ya asali imesimama ukingoni mwa mbuga, na chini yake kambi ya wageni. Wamevuka bahari kwenda kulala chini ya mawe yale. Baba aliuliza ni mbali kiasi gani kutoka hapa. Wakamwambia ni mwendo wa siku moja, tena si siku nzima.

Jioni ile tukiwa tunakula, Baba alisimulia habari hizo kwa mara ya nne. Mama akaweka tonge chini. Alisema amefundisha hifadhi hiyo ubaoni miaka kumi na mmoja, amechora twiga kwa chaki mpaka mkono unajua njia wenyewe, na hajawahi kuiona. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayesoma tangazo. Baba akamtazama, akasema basi tutakwenda, na tutakwenda na nyumba yetu.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni na bakuli lake. Aliuliza tunakwenda kutazama nini hasa. Baba akajibu, miamba. Bibi akauliza kama hapa mawe yamekwisha, maana yeye kila msimu jembe lake linagonga mawe, na kama kuna mtu anayataka aje ayachukue. Wakubwa walicheka. Baba akamuuliza kama naye atakwenda, Bibi akasema hapandi lori kwa ajili ya mawe. Baba akaichukua hiyo kuwa hapana, na kwa haki ilikuwa hapana. Mimi wakati huo nilikuwa nagombania mkia wa samaki na Doto, sikusikia hata neno moja la mazungumzo hayo. Niliyajua miaka mingi baadaye, na ningeyajua mapema kisa hiki kisingekuwepo.

Baba alikuwa na lori dogo kuukuu alilobebea mbao, na msimu wa pamba alikodishwa kusomba marobota kutoka Kasoli. Alikwenda mpaka lango la hifadhi kuuliza masharti, akarudi akiwa na furaha ya ajabu, kwa sababu alikuwa amekataliwa. Walimwambia watu hawawezi kuingia wamekaa juu ya lori la wazi, lazima wawe ndani, pawe na ukuta, paa na madirisha. Mtu mwingine angekata tamaa. Baba aliona amepewa ruhusa ya kujenga.

Basi akajenga. Pamba ilikuwa imeshauzwa, shule zimefungwa, jua kali, na kutwa nzima nyundo ilisikika. Alisimamisha fremu ya mbao juu ya lori, akapigilia plaiwudi pande zote, akaezeka bati, akatoboa madirisha mawili na kuyatia vioo vya slaidi alivyokuwa amevitoa kwenye nyumba moja ya zamani. Halafu akapaka vanishi, nje na ndani, mara tatu. Sisi watoto tulikuwa tukiingia humo kuvuta ile harufu mpaka kichwa kinauma.

Mama naye alipanga safari kwa njia aliyoijua, akaiandikia andalio la somo. Sitanii. Alipiga mistari kwenye karatasi kubwa: lengo kuu, malengo mahususi, zana, muda, kazi za wanafunzi, tathmini. Kazi za wanafunzi ndizo zilikuwa zetu. Kulwa alipewa madumu ya maji, Doto mchele na maharage, mimi mablanketi. Kwenye zana aliandika sufuria zote zenye mifuniko, jiko la mkaa, magodoro, turubai, jembe dogo la kuchimbia taka, na kuku wawili wa kuchinja huko kambini, ambao baadaye alikumbuka hawaruhusiwi akawafuta kwa rula. Muda wa kuondoka ulikuwa saa kumi na mbili kamili asubuhi. Karatasi ilibandikwa ukutani sebuleni, na kila jioni Mama aliweka alama ya vema penye jambo lililokamilika.

Sasa jiwekeni mahali pa jirani yeyote wa Kisukuma anayepita barabarani. Anaona lori. Juu ya lori pana nyumba. Ndani ya nyumba yanaingizwa magodoro, sufuria na jembe. Jirani huyo haulizi, kwa kuwa anajua. Wasukuma hupakia kitanda kwenye lori kwa sababu moja tu: kuhama. Malisho yakipungua, watu hufuata majani, na wengi wa koo zetu wako Katavi, wako Morogoro, wako hata kusini kusikojulikana vizuri. Tena mhamaji hatangazi. Akitangaza, wenye kijicho watamfungia njia. Husema anakwenda kusalimia wakwe, siku mbili anarudi, na baada ya mwezi inapigwa simu.

Kwetu jambo hilo lilikuwa na jina. Baba mdogo Maduhu, mdogo wake Baba, alikuwa akiishi pale pale kwetu, nyumba ya pili kutoka kwa Bibi. Nikiwa na miaka mitano, ng'ombe wake waliondoka kwanza, wakisemekana wanapelekwa kutibiwa. Kisha siku moja akapakia mke na watoto, akamwambia Bibi wanakwenda kwa wakwe, siku mbili wanarudi. Siku ya tatu Bibi alipika wali na kuku wa kuwapokea. Nakumbuka chungu kile kilivyokaa jikoni kimefunikwa, na sisi watoto tunakizunguka tukiuliza tutakula lini. Maduhu alipiga simu kutoka Katavi baada ya mvua za kwanza. Alieleza kuwa alihofia Bibi asingeiweza safari. Bibi alisikiliza, akamrudishia Baba simu, akaenda kukamua.

Kwa hiyo Mama Kabula, jirani yetu wa karibu, alipokuja kumuuliza Mama safari ni ya wapi, na Mama akajibu kwa moyo mweupe kwamba tunakwenda kutazama miamba, siku mbili tunarudi, Mama Kabula alitikisa kichwa taratibu. "Sawa, mwalimu," akasema. "Tumekuelewa." Kesho yake alituletea beseni zima la michembe, akasema njia ni ndefu na viazi vikavu haviozi. Mama alishangaa ukarimu huo, akamshukuru, wabeja sana, akaiandika michembe kwenye safu ya zana. Mzee Lugata alikuja kumwomba Baba lile shamba la bondeni kabla hajampa mtu mwingine. Baba akadhani mzee anatania, naye kwa utani akamwambia achukue, achukue na karakana. Ilimgharimu wiki nzima ya maneno kulirudisha shamba lile, na Mzee Lugata alinung'unika mpaka mwisho kwamba ahadi ni deni.

Mimi nilikuwa na masikio. Kisimani walisema mwalimu kapata uhamisho. Dukani walisema Masanja kaitwa na mdogo wake Katavi. Nilimuuliza Doto, ambaye alinizidi miaka mitatu, naye akasema niache ujinga, tunakwenda kutembea. Hilo halikunituliza hata kidogo, kwani watoto wa Maduhu nao walikuwa wakienda kutembea. Ndama wangu mwekundu mwenye doa jeupe usoni alipopelekwa kwa Mama Kabula "kutunzwa", nilijua ng'ombe wameanza kuondoka.

Siku Baba alipomaliza vitanda niliingia mle ndani peke yangu kuhesabu. Kulikuwa na kipana cha mbele, cha Baba na Mama. Kulikuwa na chembamba cha juu, cha Kulwa. Na kulikuwa na cha ukutani, alichotuambia mimi na Doto tutalala mzungu wa nne. Nilitafuta kingine. Niliinama nikatazama chini, nikafungua hata kisanduku cha sufuria, kwa sababu wale Wazungu walikuwa na kitanda kilichogeuka meza na mtu hawezi kujua. Hakikuwepo. Nyumba ilikuwa na watu watano, na sisi tulikuwa sita.

Nilimkuta Bibi juu ya jabali nyuma ya zizi, anageuza vipande vya viazi alivyovianika. Nilikuwa nimejiapiza sitalia, nikalia kabla sijakaa.

"Bibi, tunahama. Hawajakuwekea kitanda."

Hakuinua uso. Aligeuza kipande kimoja, akageuza kingine. "Nani kakwambia?"

"Nimehesabu."

Akaendelea kugeuza viazi mpaka mwisho wa mstari. Halafu alinifuta pua kwa pindo la khanga yake, kwa nguvu kama alivyofanya siku zote, akasema, "Ng'wanawane, usimwambie mtu kwamba umeniambia." Nilikuwa nategemea akasirike, aende karakana akamgombeze Baba, mambo yaishe. Badala yake aliniuliza kama lori lile lina nafasi mbele, karibu na dereva.

Siku zilizofuata nilimchunguza, na nilichokiona kilinichanganya. Mbuzi wake wawili aliwaswaga mwenyewe kwa Mama Kabula, akarudi na kamba mkononi. Chungu kikubwa alimpa mke wa Mzee Lugata. Alifagia kaburi la Babu, lililokuwa kando ya ua, akang'oa majani yote, akakaa pale mchana mzima akizungumza Kisukuma cha ndani ambacho sikukifuata vizuri. Nilisikia jina la Babu, na majina yetu watoto, moja moja. Nilidhani anatushitaki. Nilijiona mtoto mbaya ambaye bibi yake amefika kiasi cha kumshitaki kwa marehemu, na bado sikuwa na la kufanya, nikaenda kukunja mablanketi yangu.

Asubuhi ya safari Mama alikuwa wa kwanza kuamka. Saa kumi na mbili kasorobo kila kitu kilikuwa ndani, alama zote za vema zimewekwa. Baba akafungua mlango wa dereva, akarudi nyuma hatua moja. Bibi alikuwa amekaa kiti cha mbele. Alivaa kitenge chake cha kanisani, miguuni ana kigoda, ana blanketi, ana lile jiwe dogo la kusagia, na mapajani amepakata kibuyu kilichozibwa kwa gunzi.

Baba alimwamkia kwanza, kama ilivyo ada. "Mwangaluka, Mayo."

"Mwangaluka."

"Mayo, unakwenda wapi?"

"Mnakokwenda."

Baba akacheka kidogo, akauliza kibuyu kina nini. Bibi akasema mtama, choroko na karanga. Baba akauliza za kula njiani. Bibi akamwambia za kula ziko kwenye beseni la michembe, hizi ni za kupanda. Hapo ndipo nilipoona uso wa Baba unabadilika. Alizunguka lori, akatazama ile nyumba yake kana kwamba kaijenga mtu mwingine, magodoro, sufuria, jembe, na majirani waliokwisha kusimama barabarani na khanga begani alfajiri ile. Aliporudi mlangoni alizungumza taratibu sana. Alimwambia kwamba hahami, kwamba kweli anakwenda kutazama mawe, kwamba ni siku mbili tu.

"Maduhu alisema mbili," Bibi akajibu. "Nimemngoja miaka minne. Wewe sikungoji, Masanja. Mnione mzigo nikiwa humu humu."

Mama aliweka mkono mdomoni. Baba alifungua kinywa, na nadhani aliona kuwa kila neno atakalosema Maduhu ameshalitumia. Alivua koti la safari, akaingia karakana, akatoka na mbao tatu na kopo la misumari. Aliuliza kwa sauti ya kawaida nani kamwambia Mayo kuwa tunahama, nami nikatazama madumu ya maji kwa makini. Kisha akaanza kupima.

Kitanda kile kilichukua saa nne kukitengeneza. Alikiweka chini ya dirisha kubwa, kifupi, cha kimo cha Bibi, na akakipiga randa kila upande ili kisimchome, huku andalio la Mama likiharibika ukutani dakika kwa dakika. Mama alikaa kwenye ngazi ya lori akimshikia Baba misumari. Majirani walitazama fundi akimpigilia mama yake kitanda ndani ya lori, na kama kuna aliyekuwa na shaka bado, shaka ikamwisha. Mama Kabula alilia, akamkumbatia kila mmoja wetu, akamwambia Mama huko tuendako tusiwasahau. Na mimi nilikuwa na furaha kubwa. Najua ni aibu kusema, kwa kuwa niliamini tunaacha shule, ndama na kila kitu nilichokijua. Lakini vitanda vilikuwa vinne, watu sita, na hesabu yangu ilikuwa imekaa sawa.

Njiani Bibi hakulala kwenye kitanda chake. Alikaa mbele, akitazama majani. Tulipita Lamadi, tukafika langoni, na askari wa hifadhi alilizunguka lori letu mara mbili, akaomba kuingia ndani, akakaa kitandani kwa Bibi akitikisa kichwa. Alimuuliza Baba amejifunzia wapi. Aliposhuka, Bibi alimwita dirishani, akamsalimu, akamuuliza kama ng'ombe wa huku wanasumbuliwa sana na ndorobo. Askari akamwambia, bibi, huku ng'ombe hawaruhusiwi hata mmoja. Bibi alimgeukia Baba akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Umedanganywa," akamwambia.

Baba aliwasha gari. Tulipita katikati ya mbuga saa kadhaa, Mama akiwa dirishani nyuma, kiganja chake kimebandikwa kwenye kioo. Twiga wa kwanza alipotokea, yule twiga aliyemchora miaka kumi na mmoja, hakupiga kelele wala kutuita. Alisema tu, polepole, kwamba shingo amekuwa akiikosea. Nimesafiri mara nyingi tangu siku ile na bado sijaona mtu aliyefurahi kwa utulivu namna hiyo.

Kambini tulifika saa kumi na moja, jua likiwa bado na nguvu. Miamba ilikuwa pale, mirefu kuliko nilivyodhani, na mwanga uliipiga ubavuni ikawa na rangi ile ile ya kwenye picha. Kulwa na Doto walikimbia. Baba alizima gari akanyoosha mgongo. Mimi niliteremka na Bibi, nimeshika kitenge chake, kwa sababu mahali pale palikuwa papya na sikutaka kuwa mbali naye.

Hakuitazama miamba. Alitazama chini. Alitembea na fimbo yake kutoka kwenye lori mpaka penye vichaka, akigonga ardhi, na kila alipogonga kilisikika kichwa cha jiwe. Aliokota udongo, akausugua kwa vidole, akaunusa, akautupa. Alisimama akapima upepo unatoka wapi. Kisha akarudi pale Baba alipokuwa akifungua turubai, kibuyu kikiwa kwapani.

"Hapa hapalimiki," akasema. "Na ng'ombe wamekataza. Sawa. Nilishaishi na kidogo." Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Tunajenga upande gani?"

Mama alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Baba aliliachia turubai likaanguka. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akikosa mahali pa kuweka mikono, mtu ambaye mikono yake ilijua kazi kila saa ya mchana. Mimi mwenyewe nilikuwa nangoja jibu, maana nami nilitaka kujua nyumba itakuwa upande gani. Leo nikiwa mtu mzima, mwenye nyumba na ninayeogopa hata kubadilisha mtaa, ndipo ninapoona alichokifanya. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Kwa mtu wa kwetu, maisha bila ng'ombe si maisha. Aliacha kaburi la mumewe, akagawa mbuzi, akaja kwenye mawe matupu na mbegu zake, tayari kuanza. Hakuwa ametuamini hata chembe. Alikuwa ameamua tu kuwa nasi.

Baba alimsogelea akamshika mkono wenye fimbo. "Mayo, hatujengi. Keshokutwa tunarudi nyumbani."

Bibi alimtazama muda mrefu, jicho moja, kisha la pili, kama alivyokuwa akitutazama sisi watoto tukiulizwa nani kavunja kibuyu. Mimi nilikuwa nimekaza kitenge chake kwenye ngumi.

"Wote?" akauliza.

"Wote."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye unayekaa mbele."

Alivuta pumzi, akaitoa, na mabega yake yakashuka. Alinipa mimi kibuyu nikishike, akasema nisikiangushe, mbegu ni za mwakani. Halafu akamwomba Mama amletee kigoda. Alikiweka sawasawa pale mbele ya lori, akaketi, akatengeneza kitenge magotini. Ndipo alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Haya," akasema. "Nionyesheni hayo mawe."